Nilivyogeuka Askari wa Sahani ya Mume Wangu

Saa tisa usiku. Nageuka kitandani, mkono unagusa shuka limelowa chapachapa. Mume wangu anatetemeka kama mtu aliyefungiwa kwenye friji, jasho linamtiririka hadi masikioni. Namuuliza, "Baba, una nini?" Ananijibu eti niwaambie wafunge geti, gari la ofisi linaondoka. Geti gani? Gari gani? Sisi tunakaa nyumba ya kupanga Tabata, geti lenyewe hatuna.

Wazo langu la kwanza lilikuwa malaria. La pili sikutaka hata kuliwaza.

Msomaji wangu, usiku ule nusura nibaki mjane. Na kama ningebaki mjane, sehemu kubwa ya lawama ingekuwa yangu. Wala sikumwekea mtu sumu. Nilimpenda vibaya, basi. Kaa vizuri nikusimulie, maana najua mko wengi mnaofanya kama nilivyofanya mimi.

Maneno mawili ya daktari

Miezi minne kabla ya usiku huo, mwenzangu alikuwa anaamka mara tano kwenda kukojoa. Maji anakunywa kama ngamia, nguo zinampwaya, na jioni akirudi kazini analala kwenye kochi na viatu vyake. Nikamburuta hospitali. Sukari kabla hajala kitu asubuhi: 11.8. Kwa taarifa yako, ikifika 7.0 na kuendelea kwa kipimo cha asubuhi bila kula, ikarudiwa ikawa hivyohivyo, hiyo ni kisukari. Wakampima na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Ikaja asilimia 9.2. Mtu akifika 6.5 tayari ana kisukari.

Ana miaka 38, jamani. Hanywi pombe, havuti sigara. Sote tulidhani kisukari ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi na fimbo.

Tukapewa dawa za aina mbili, metfomini na glibenklamidi, na maneno mawili: "Punguza wanga." Foleni ilikuwa ndefu, tukaamka, tukaondoka.

Sasa hebu fikiria maneno hayo mawili kwa Kiswahili chetu. Mtoto akirudi shule anauliza, "Mama, leo mboga nini?" Unamjibu, "Nyama." Nyama ni mboga! Samaki ni mboga, maharage ni mboga, mchicha ndio usiseme. Chakula chenyewe ni ugali, ni wali, ni ndizi. Mtu akila nyama choma kilo nzima bila ugali atakwambia leo hajala, alionja tu. Kwa hiyo ukimwambia Mtanzania apunguze wanga, yeye anasikia apunguze kula. Na ukimwambia mke wake, anasikia apunguze kumlisha mumewe. Tangu lini mke mwema akamnyima mumewe chakula?

Mimi nikaamua nitakuwa mke mwema kwa njia nyingine. Nikawa askari.

Operesheni safisha jikoni

Sikuanza kidogokidogo, hapana. Jumamosi ile ile nilitoa unga wote, nikampa dada wa usafi. Mchele nikapeleka kwa wifi yangu. Viazi, mkate, tambi, biskuti za watoto, vyote nje. Sukari nilimwaga kwenye sinki huku naimba. Nikanunua koliflawa supamaketi kwa bei ambayo sijamwambia hadi leo, nikaisaga iwe kama wali. Akaionja, akaniangalia, akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, hii ni nini?"

Kila siku ikawa mchicha na samaki, matembele na kuku, kabichi na mayai. Nilikuwa namhesabia. Namkagua mifuko ya shati kama ametafuna karanga za sukari. Akiinua mkono kwenye sherehe kuchukua sambusa, namtolea macho hadi anairudisha. Watu wakawa wanacheka: "Shemeji, leo umekuja na mlinzi?"

Lazima nikiri kitu hapa. Kazi yangu ni kuhariri makala kama hii unayoisoma. Nina digrii ya mawasiliano. Ni mara ngapi nimepitisha kwa kalamu yangu ile sentensi ya "zungumzeni na mwenzi wako"? Lakini katika miezi ile minne sikumuuliza mume wangu hata mara moja: wewe mwenyewe unaonaje? Mwili ni wake, ugonjwa ni wake, ila mkuu wa operesheni alikuwa mimi.

Nyumba ndogo

Ikaanza kubadilika. Anachelewa kurudi. Akirudi hana njaa, anagusa mchicha kwa adabu tu na kwenda kuoga. Anacheka na simu. Wanawake wenzangu mnajua dalili hizo zinaitwaje.

Siku moja simu yake ikaita mlio wa meseji akiwa bafuni. Nikaisoma. "Ya kwako nimeiweka pembeni leo, usichelewe, itapoa."

Miguu iliniisha nguvu. Ya kwako! Itapoa! Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikachukua bodaboda, nikajibanza karibu na ofisi yake. Saa saba kamili anatoka. Anavuka barabara, anaingia kichochoroni, namfuata huku moyo unadunda. Anafika kwenye kibanda cha mabati, anaketi kwenye benchi, na mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni, anamfunulia sahani iliyofunikwa na sahani nyingine.

Ubwabwa. Mlima wa ubwabwa, maharage yanashuka pembeni, na kipande cha ndizi mbivu juu kama bendera. Nyumba ndogo ya mume wangu ilikuwa mama ntilie!

Nusu yangu ilitaka kucheka. Nusu nyingine ikashinda. Nilimsema palepale mbele ya madereva wa bodaboda: nahangaika kwa ajili yako, unataka kuniachia watoto, na mengine sitaki kuyarudia. Yeye hakunijibu. Njiani kurudi nyumbani jioni ndipo aliposema sentensi moja ambayo haijanitoka: "Pale nakula kama mtu mzima. Nyumbani naliwa na macho."

Nililia. Yeye akaona aibu, akaapa hatarudia. Na kweli, hakurudia. Kuanzia siku hiyo akala mchicha wangu na samaki wangu, mchana na jioni, bila punje ya ubwabwa.

Siku ya tatu usiku, ndipo shuka likalowa.

Sukari iko wapi?

Nilichukua mashine ya kupimia, nikamtoboa kidole. 2.6. Nikadhani mashine imeharibika, maana mimi nilizoea kuogopa namba kubwa, hii ndogo sikuijua. Nikampa maji. Maji tu!

Nikampigia dada mmoja jirani yetu, muuguzi. Hata salamu hakunipa nafasi. "Anaweza kumeza?" Nikamwambia anaweza. "Mpe sukari sasa hivi."

"Dada, huyu si ana kisukari?"

"Mpe sukari, mdogo wangu! Utauliza baadaye."

Sukari. Ndani ya nyumba nzima hakukuwa na chembe ya sukari, wala soda, wala asali, wala ndizi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeimwaga kwenye sinki nikiimba. Nilitoka na kanga moja, peku, nikagonga mlango wa huyo dada saa tisa usiku kuomba sukari kama mtu aliyepungukiwa na chai. Akaja nayo mwenyewe. Vijiko vitatu vya chai kwenye nusu glasi ya maji, akanywa. Tukasubiri dakika kumi na tano ambazo zilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kujifungua. Tukapima: 3.4. Akanywa tena kiasi kilekile. Dakika kumi na tano nyingine: 5.1. Akafumbua macho vizuri, akatuangalia, akauliza, "Mbona mko wengi?"

Dada akampa mkate kutoka kwake, akasema tusilale, twende hospitali, kwa sababu dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Asubuhi daktari alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatueleza jambo ambalo natamani lingeandikwa kwenye kila pakiti ya dawa. Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, umekula usile. Mtu akila wanga wake wa kawaida, insulini hiyo inapata kazi ya kufanya. Akiacha wanga ghafla huku dozi ni ileile, insulini inashusha sukari iliyobaki kwenye damu. Metfomini ikiwa peke yake mara chache sana hufanya hivyo, lakini glibenklamidi na insulini ya sindano hufanya sana.

Sasa piga hesabu na mimi. Miezi yote ile kilichokuwa kinamlinda na dawa yake ni sahani ya siri ya mama ntilie. Siku alipoamua kunitii kweli, ndipo akaanguka.

Daktari akaisimamisha glibenklamidi, akambakiza na metfomini. "Mngeniambia mnapunguza chakula," alisema, "ningepunguza na dawa."

Ngumi moja

Tulirudishwa kliniki kuonana na muuguzi wa lishe. Mimi nikatoa daftari langu, nikafungua kinywa. Yule mama akaninyooshea kiganja kwa heshima, akamgeukia mume wangu: "Baba, wewe unapenda kula nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. "Ugali na dagaa," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

"Utakula ugali na dagaa."

Akachukua sahani ya bati, akaigawa kwa kidole. Nusu yake ni mboga za majani na jamii yake: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, nyanya chungu, kachumbari. Robo ni dagaa, samaki, kuku, mayai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, ndizi, muhogo au kiazi, na ukubwa wake ni kama ngumi yako mwenyewe. "Yaani," akacheka, "mnaigeuza sahani juu chini. Mboga iwe chakula, na ugali uwe mboga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maneno mawili ya daktari yalikuwa sahihi, ila hakuna aliyetutafsiria.

Na wala si mambo ya kutunga. Kabla insulini haijagunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, kupunguza chakula, hasa wanga, ndiyo ilikuwa karibu tiba pekee, na wagonjwa walikuwa wanadhoofika hadi mifupa. Insulini ilipokuja watu wakapumua. Lakini mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilipitia ushahidi wa lishe na kueleza kwamba kupunguza jumla ya wanga ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari kwa wenye kisukari. Kupunguza, narudia. Na kwa namna anayoiweza mhusika mwenyewe.

Kuna mambo yalituacha midomo wazi. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga. Slesi moja ya mkate kama 15. Soda ya cola ya mililita 330 inakaribia gramu 35, na yote ni sukari tupu. Ule mlima wa mama ntilie, ukiacha maharage na ndizi, haukupungua vikombe vitatu. Jumlisha mwenyewe.

Na zile imani za mtaani nazo zikaanguka moja moja. Eti dona haipandishi sukari? Dona ina nyuzinyuzi zaidi na ni bora kuliko sembe, lakini bado ni wanga. Ugali wa ulezi au mtama? Vivyo hivyo, ngumi moja. Asali ya asili? Ni sukari. Juisi ya miwa au ya embe uliyokamua mwenyewe? Ni sukari, tena inakwenda mbio kuliko embe lenyewe. Maharage yana wanga pia, ila nyuzinyuzi na protini zake zinaufanya uingie taratibu. Parachichi? Kula, baba, halina neno.

Mama mkwe na mchele wa Kyela

Mtihani wa kweli ulikuja mwezi wa pili baadaye. Mama mkwe alishuka stendi kutoka Kyela na mfuko wa mchele, kilo ishirini, ule wa kwao unaonukia hadi jirani anajua umepika. Amelima mwenyewe. Akamtazama mwanawe aliyepungua kilo saba, akanitazama mimi, akanyamaza. Ukimya wa mama mkwe, wenzangu, mnaujua.

Jioni nikaupika mchele wake, tukala. Mama akaona sahani ya mwanawe: majani yamejaa, samaki, na kilima kidogo cha wali pembeni. Akaweka kijiko chini. "Mkwe wangu, nyumba hii imepungukiwa na nini? Mwanangu amekuwa hivi, na wali nimeleta mimi!"

Mimi wa zamani ningetoa daftari. Safari hii nilimeza mate nikanyamaza.

"Mama," mume wangu akasema, "hajanipakulia yeye. Nimepakua mwenyewe. Nina sukari, Mama, na mchele wako ni mtamu kupita kiasi, ndiyo maana naula kwa adabu."

Mama alicheka hadi machozi. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema kwamba kaka yake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia habari za ngumi. Kesho yake alipakua sahani yake mwenyewe kama ya mwanawe.

Nimefikiria sana jioni ile. Miezi minne nilipigana vita ile peke yangu na nikashindwa. Aliposema yeye mwenyewe "nimepakua mwenyewe," ikaisha kwa dakika moja.

Tunavyokula sasa

Sipiki vyungu viwili. Watoto, mimi na yeye tunakula sahani ileile, ila watoto wanaokua wanaongezewa wali. Anapima sukari yake mwenyewe saa mbili baada ya kula, na lengo aliloambiwa ni isizidi 10. Ndiyo iliyomfundisha kuliko mimi: chapati moja na maharage, 8.4, chapati mbili na chai ya sukari, 13. Hakuna mke anayeweza kubishana na mashine, na hana haja. Harusini anachukua pilau, ngumi yake moja, na kachumbari kwa wingi. Akizidisha, namwachia. Kesho ipo.

Baada ya miezi tisa, HbA1c ilikuwa asilimia 6.9. Daktari alimpa mkono yeye. Mimi nikapiga makofi pembeni, mahali pangu.

Kabla hamjaanza nyumbani kwenu

• Mwambieni daktari kwanza. Kama mgonjwa anatumia insulini, glibenklamidi au dawa za jamii yake, dozi huenda ikahitaji kubadilishwa siku ileile mnapobadilisha chakula. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini asikate wanga kabisa bila ushauri, anaweza kupata tindikali hatari kwenye damu.

• Msiache dawa kwa uamuzi wenu, hasa insulini.

• Wekeni sukari ndani. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa: pima. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Kama mashine haipo, mpe tu. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

• Anzeni na vinywaji. Soda, juisi na sukari ya chai ndivyo rahisi kupunguza kuliko vyote.

• Mjamzito, mtoto na mwenye matatizo ya figo wana mpango wao tofauti. Wasiige wa jirani.

• Muulize mwenzako anapenda kula nini. Halafu msikilize.

Mwezi uliopita nilimwomba anipeleke kwa nyumba ndogo yake. Yule mama alinikumbuka vizuri sana, nikamwomba radhi, akasema yamepita. Akatupakulia sahani mbili. Ya mume wangu ilikuwa na matembele nusu sahani, samaki wa kukaanga, na ubwabwa kidogo pembeni. Sikusema neno. Ni yeye ndiye aliyekuwa ameshamfundisha.

"Ya kwako je, dada?" akaniuliza. "Nikuwekee kama ya kwake?"

Nikamwambia, weka hivyohivyo.